George Fernandes na meza ya wakubwa

Kilichomtoa George Fernandes seminarini ni chakula. Wazazi wake, Wakatoliki wa Mangalore kusini mwa India, walimpeleka Bangalore mwaka 1946, akiwa na miaka 16, akasomee upadri. Huko akakuta walezi wa seminari wanakaa kwenye meza za juu na wanakula vizuri, huku vijana wanaohubiriwa unyenyekevu kila asubuhi wakikaa chini na kula kilichopo. Alivumilia miaka kama miwili, akaondoka. Baadaye alisema wazi kwamba kwa Kanisa maneno na matendo aliyaona yako mbalimbali. Nimewahi kusikia watu walioacha upadri kwa ajili ya mwanamke, na hata mmoja aliyeacha kwa ajili ya mpira. Aliyeacha kwa ajili ya sahani ya mlezi, huyu ndiye wa kwanza kwangu.

Nimeanza na meza hiyo kwa sababu kila nikisoma maisha yake naiona tena. Fernandes alikuwa waziri wa viwanda, waziri wa reli, na waziri wa ulinzi wa nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja, na sidhani kama kuna siku alijua akae vipi kwenye meza ya juu. Ndiyo maana nampenda. Na makosa yake makubwa, nadhani, yametoka hapohapo.

Jina George alipewa na mama yake, aliyemhusudu Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Mtoto na mfalme wote walizaliwa tarehe 3 Juni. Ni kichekesho kidogo kwa mtu aliyekuja kuwafukuzisha Wamarekani na kuwakosesha usingizi wenye mali wa Bombay. Alifika Bombay mwaka 1949 bila kazi, akawa analala kwenye benchi za ufukwe wa Chowpatty, polisi akija usiku wa manane kumwamsha na kumwambia asogee. Akapata kazi ya kusahihisha makosa ya chapa gazetini. Kutoka hapo akaingia bandarini, kwa kiongozi wa makuli aliyeitwa Placid D'Mello, naye Mkatoliki wa pwani kama yeye. D'Mello alipofariki mwaka 1958, kijana akawa ndiye mkubwa.

Wahudumu wa hoteli, wafagiaji wa manispaa, madereva wa teksi: hao ndio waliokuwa watu wake. Jambo moja halisemwi sana. Fernandes hakuishia kwenye kugoma tu. Alishiriki kuanzisha benki ya ushirika ya wafanyakazi, maana aliona dereva wa teksi wa Bombay hateswi na nauli peke yake. Anateswa na mwenye gari na mkopeshaji. Yeyote aliyewahi kuendesha bodaboda kwa hesabu ya tajiri anajua ninachosema. Lakini sifa zake zilikuwa za mgomo. Akitamka "bandh", Bombay nzima inafunga.

Mwaka 1967 aligombea ubunge Bombay Kusini dhidi ya S. K. Patil wa chama cha Congress, waziri wa reli, mchangishaji mkuu wa fedha za chama, mtu aliyeonekana kama mwenye mji. Inasimuliwa kwamba Patil aliulizwa na waandishi kama anaweza kushindwa, akajibu kuwa hata Mungu hawezi kumshinda. Watu wa Fernandes wakabandika matangazo: Mungu hamwezi Patil, lakini wewe unamweza. Patil akaanguka. Tangu siku hiyo magazeti yalimwita George muuaji wa majitu.

*

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mgomo wa reli wa mwaka 1974 ndio ulionifanya nimtafute mtu huyu.

Reli ya India ilikuwa na wafanyakazi kama milioni 1.7. Madereva wa treni na wasaidizi wao walikuwa bado wanafanya kazi kwa kanuni zilizorithiwa kwa Mwingereza, zamu moja ikivuka saa 12 bila mtu kushangaa. Serikali ilisema reli ni idara ya serikali, si kiwanda, kwa hiyo wafanyakazi wake hawastahili bonasi. Wafanyakazi wakauliza: kama si kiwanda, mbona tunafanyishwa kazi kuliko watu wa viwandani? Mwishoni mwa 1973 Fernandes akachaguliwa rais wa shirikisho kubwa la vyama vya watu wa reli. Madai yalikuwa zamu ya saa 8, bonasi, na mishahara inayolingana na ya mashirika mengine ya umma.

Serikali ya Indira Gandhi haikusubiri. Tarehe 2 Mei 1974, mazungumzo yakiwa hayajavunjika rasmi, Fernandes akakamatwa Lucknow. Mgomo ukaanza hata hivyo tarehe 8. Maelfu kwa maelfu wakatiwa ndani. Wengine wakafukuzwa kazi. Familia zikatolewa kwenye nyumba za reli, vyombo vikatupwa nje. Anayekulia kwenye kota anajua maana yake: baba akigoma, anayelala nje ni mama na watoto. Serikali ililijua hilo, ikapiga hapohapo.

Katikati ya mgomo, tarehe 18 Mei, India ikafanya jaribio lake la kwanza la bomu la nyuklia kwenye jangwa la Pokhran. Habari za wagomaji zikafunikwa na bomu. Tarehe 27 viongozi wakausimamisha mgomo bila kupata lolote. Shika hiyo Pokhran, tutairudia.

Niseme kwa nini mambo haya yananigusa. Kwa miaka kadhaa nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi mahali fulani Dar es Salaam. Kazi yetu kubwa ilikuwa mkataba wa hali bora. Siku za majadiliano, mwajiri alitukalisha wajumbe kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, na saa saba ikiletwa birika la kunawia na pilau ya kuku, soda juu. Wenzetu wakati huo wanakula ugali maharage kwa mama ntilie nje ya geti. Hakuna aliyetuhonga. Hakuna aliyetutisha. Lakini ukirudi mtaani na harufu ya bizari kwenye vidole, mtu anakuuliza, "Vipi katibu, leo mmekubaliana nini?", na namna anavyoliuliza hilo neno "mmekubaliana" unaisikia mpaka kesho. Tulipata nyongeza ndogo ya posho ya nyumba. Sijui mpaka leo kama tungepata zaidi kama tungekula maharage.

Basi nikasoma habari za mtu aliyeikimbia meza ile akiwa kijana, akaenda akaifanyia vita maisha yake yote, kisha akakaribishwa aikalie.

*

Juni 1975 Indira Gandhi akatangaza hali ya hatari. Fernandes alikuwa Gopalpur, mji wa pwani huko Odisha, pamoja na mkewe Leila Kabir na mtoto wao mchanga. Akatoroka kabla polisi hawajafika. Leila na mtoto wakaishia Marekani. Yeye akapotelea ndani ya India kwa karibu mwaka mzima, akafuga ndevu na kufunga kilemba kama Kalasinga. Na hapo akafanya jambo ambalo wanaomsifu hulipita haraka: yeye na wenzake wakatafuta baruti kwenye machimbo ya mawe ya Gujarat ili kulipua njia za reli na madaraja. Waliohusika walisisitiza kwamba hawakutaka kuua mtu. Huenda. Lakini daraja halichagui nani analipita, nami siwezi kujifanya sikuliona hilo.

Serikali nayo haikuchagua. Mdogo wake Lawrence alikamatwa akateswa ili aseme kaka yuko wapi. Rafiki yao, mwigizaji Snehalata Reddy, aliyekuwa na pumu, aliwekwa kizuizini Bangalore bila kushtakiwa, akaachiwa akiwa hoi, akafa Januari 1977. Fernandes mwenyewe alikamatwa Calcutta tarehe 10 Juni 1976. Picha aliyopigwa wakati akipelekwa mahakamani ndiyo watu wengi wa India wanayomkumbukia: miwani mizito, ndevu za siku kadhaa, mkono wenye pingu na mnyororo umeinuliwa juu.

Uchaguzi wa Machi 1977 aligombea akiwa gerezani, katika jimbo la Muzaffarpur, Bihar, ambako hakuweza kukanyaga hata siku moja ya kampeni. Picha ile ndiyo iliyompigia kampeni. Akashinda kwa zaidi ya kura 300,000. Kesi ya baruti ikafutwa, na ndani ya wiki chache mshtakiwa akawa waziri katika serikali ya chama cha Janata, chini ya Morarji Desai, iliyomng'oa Indira.

Kwanza mawasiliano, kisha viwanda. Na hapa ndipo dunia ya nje ilipomsikia. Sheria ya fedha za kigeni ya mwaka 1973 ilikwishasema kampuni za nje zipunguze hisa zao hadi asilimia 40. Haikuwa sheria yake. Ilitungwa na serikali ya Indira Gandhi, adui yake. Yeye aliikuta mezani akaitekeleza kwa hamu kuliko waliotangulia. Coca-Cola wakaambiwa wauze hisa kwa Wahindi na ujuzi wa kutengeneza kile kinywaji uhamie kwenye kampuni ya ndani. Wakakataa kuitoa siri yao, wakafunga virago. IBM nao wakaondoka.

Serikali ikaleta soda yake, Double Seven, jina la mwaka ule wa ushindi, iliyobuniwa na taasisi ya utafiti wa chakula ya Mysore. Haikufika mbali. Waliofaidi ni wafanyabiashara wa nyumbani, hasa wenye soda ya Thums Up. Coca-Cola wakarudi mwaka 1993, wakainunua Thums Up yenyewe. Ninapolisimulia hili kwa vijana wa Dar hucheka wakidhani ndio mwisho wa hoja. Si mwisho. Kwa miaka 16 nchi maskini ilikunywa soda yake na hakuna aliyekufa. Ninalomlaumu waziri ni jingine: alikuwa na wizara nzima ya viwanda mkononi, ya chuma na mashine na ajira, na kumbukumbu iliyobaki ni chupa. Alichagua adui anayejulikana na kila mtoto. Mtu wa mgomo hufanya hivyo, kwa sababu mgomo unahitaji adui mwenye sura.

Julai 1979 ndiyo siku zake mbaya. Serikali ya Morarji Desai ilikabiliwa na kura ya kutokuwa na imani, na Fernandes akasimama bungeni kuitetea kwa hotuba ambayo waliokuwapo wanasema haikuwa na mfano. Muda mfupi baadaye alijiuzulu, akahamia kwa waliokuwa wakiiangusha. Siasa za ndani ya chama cha Janata zilikuwa uji wa moto, marafiki zake wa kisoshalisti walikuwa wanamshinikiza, yote nayajua. Lakini mtu aliyeacha upadri kwa sababu maneno na matendo ya wakubwa hayakulingana, safari hii alikuwa yeye.

*

Kwa upendeleo wangu, kazi yake bora aliifanya katika wizara aliyoikaa muda mfupi. Desemba 1989 waziri mkuu V. P. Singh alimpa reli. Hakufikisha mwaka, serikali ikaanguka. Fikiria mtu huyo huyo: aliisimamisha reli, akapanga kuilipua, sasa anakabidhiwa funguo.

Pwani ya magharibi ya India, kutoka karibu na Bombay kushuka Goa hadi Mangalore kwao, haikuwa na reli ya moja kwa moja. Milima ya Sahyadri inashuka karibu na bahari, mito inakatiza, masika inaporomosha udongo. Wakubwa wa reli walikuwa wanaupiga danadana mradi huo kwa miaka mingi kwa sababu hela hazipo. Fernandes akaukwepa mlango wa wizara. Ikaundwa kampuni ya pekee, Konkan Railway, Julai 1990, ikishirikisha serikali kuu na majimbo manne ya pwani hiyo, nayo ikaruhusiwa kukopa kwa wananchi kwa hati fungani. Akamweka mhandisi E. Sreedharan aisimamie. Mwaka 1998 treni zikapita njia nzima: zaidi ya kilomita 700, madaraja karibu 2,000, mahandaki zaidi ya 90. Kijana aliyeondoka Mangalore kutafuta maisha akaja kuwaachia wa nyumbani njia ya kwenda na kurudi.

Watanzania wanapoisikia reli ya India hukumbuka RITES, kampuni ya serikali ya India iliyochukua hisa asilimia 51 za TRL, shirika letu la reli, mwaka 2007 na kuondoka baada ya miaka michache ya migomo na mabehewa mabovu. Ni sura nyingine kabisa ya reli ile ile, nami naitaja tu ili msidhani nasifia kila chenye chapa ya Delhi.

Kisha ikaja ulinzi, 1998 hadi 2004, chini ya waziri mkuu Vajpayee na chama chake cha BJP. Wenzake wa zamani hawakumsamehe. Msoshalisti, Mkatoliki kwa kuzaliwa, mtu wa makuli, anakaa na chama cha utaifa wa Kihindu! Jibu lake lilikuwa lile lile tangu Bombay: adui ni Congress, na ukoo wa Nehru na Indira uliokalia meza ya juu tangu uhuru. Naamini alilisema kwa moyo. Lakini chuki ya adui mmoja ilikuwa imekuwa dira yake yote, na dira ya namna hiyo haikwambii uko na nani kwenye gari. Mwaka 2002, Waislamu wa Gujarat walipouawa kwa mamia na wanawake kubakwa, alisimama bungeni akasema visa vya namna hiyo si vipya India. Alitaka kuikumbusha Congress ya mwaka 1984, Makalasinga walipochinjwa Delhi. Alichokisikia mjane wa Gujarat ni waziri akimwambia hajapatwa na jipya. Hotuba hiyo siwezi kumtetea nayo, na sijaribu.

Mei 1998, India ikalipua tena mabomu Pokhran. Mwaka 1974 bomu liliufunika mgomo wake; safari hii yeye ndiye aliyekuwa waziri wa ulinzi. Mwezi huohuo alikwishasema hadharani kwamba tishio namba moja kwa India ni China, kauli iliyowatoa jasho wanadiplomasia wa nchi yake. Nyumba yake rasmi Delhi ilikuwa namba 3, barabara ya Krishna Menon, iliyopewa jina la waziri wa ulinzi aliyeng'olewa baada ya China kuipiga India mwaka 1962. Nyumba hiyo haikuwa na geti; aliling'oa. Ndani yake aliwapa hifadhi wanafunzi waliokimbia wanajeshi wa Burma. Waziri mwenyewe alivaa kurta isiyopigwa pasi na kufua nguo zake kwa mkono.

Siachen ndiko ninakomwona vizuri zaidi. Ni barafu iliyo mpakani na Pakistan, vituo vingine vikizidi mita 5,000, ambako baridi na hewa nyembamba huua askari kuliko risasi. Fernandes alikwenda mara kwa mara, mzee wa karibu miaka 70. Askari wakamwambia waliomba pikipiki za theluji na maombi yamekwama. Aliporudi Delhi akafuatilia faili, akakuta maofisa wa fedha wameliweka kando wakiuliza maswali juu ya maswali. Akaamuru maofisa hao wapelekwe Siachen wakae, waone wenyewe. Pikipiki zikanunuliwa. Hapo mtu wa mgomo na waziri walikuwa mtu mmoja, na sijui waziri wetu yupi angethubutu kumtuma mhasibu wa wizara kwenye zahanati isiyo na dawa akalale huko wiki.

Machi 2001 waandishi wa tovuti ya habari ya Tehelka walitoa kanda za siri za rushwa walizorekodi wakijifanya wauza silaha. Sehemu moja ilirekodiwa ndani ya nyumba ile isiyo na geti. Fernandes hakuonekana akipokea chochote, lakini nyumba ilikuwa yake na chama kilikuwa chake. Alijiuzulu, na Oktoba mwaka huohuo akarudishwa. Upinzani ukawa unamsusia bungeni. Ikaja kesi ya majeneza ya alumini yaliyonunuliwa kwa ajili ya askari waliofia Kargil, kwenye vita vya mpakani na Pakistan vya mwaka 1999, ikisemwa bei ilikuwa ya kuruka. Wapelelezi hawakumshtaki. Miaka iliyofuata, kila akisimama kusema bungeni, kuna aliyepiga kelele "majeneza". Nyumba isiyo na geti ina uzuri wake, ila mtu anayewaamini wote wanaoingia bila kuuliza wanafanya nini sebuleni, si lazima awe mwizi ili aharibu.

Mwaka 2009 chama kilimnyima nafasi ya kugombea kwa sababu ya afya. Akagombea Muzaffarpur peke yake, pale pale walipomchagua akiwa na pingu, akaanguka vibaya. Alikuwa ameshaanza kusahau. Ugonjwa wa Alzheimer ulimmaliza taratibu kwa miaka, ndugu wakigombania mahakamani nani amtunze. Alifariki Delhi tarehe 29 Januari 2019, akiwa na miaka 88.

Mwaka 2020 serikali ya Narendra Modi ilimpa marehemu Padma Vibhushan, nishani ya pili kwa ukubwa kwa raia wa India. Julai 1977 nishani hizo za Padma zilifutwa na serikali ya Morarji Desai, iliyoziona ni mabaki ya kupeana vyeo, na hazikurudi mpaka Indira Gandhi aliposhika tena madaraka mwaka 1980. Katika baraza la mawaziri lililozifuta alikuwamo George Fernandes.